Umeongeza kadi ya grafiki, mashine imeanza visa: dalili za pawa saplai na la kufanya

Mtu ananunua kompyuta ya ofisi iliyotumika, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, anaongeza ramu, kisha anatafuta kadi ya grafiki ili ahariri video za harusi au acheze mpira wa kompyuta. Jioni hiyohiyo mashine inagoma. Wa kwanza kulaumiwa ni kadi, wa pili ni aliyeiuza. Pawa saplai, lile boksi linalobadilisha umeme wa ukutani kwa ajili ya kompyuta, lililokaa kimya kwenye kona ya kasha miaka yote, hukumbukwa mwisho, na umeme wa ukutani haukumbukwi kabisa, ingawa kwa mazingira ya Mwanza ungepaswa kuwa mshukiwa wa kwanza.

Tafuta dalili yako hapa chini. Chini ya kila dalili, chanzo kinachojitokeza mara nyingi kimetangulia, na kipimo cha bure kinakuja kabla ya kile cha kukutoa hela.

Onyo kabla ya bisibisi. Hakuna hatua hapa inayokutaka ufungue boksi la pawa saplai lenyewe. Umeme wa 230V ukishabadilishwa ndani huwa zaidi ya 320V za mkondo mnyoofu, na kapasita kubwa hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Kazi hiyo ni ya fundi wa elektroniki mwenye vifaa. Wewe fungua kasha la kompyuta tu, baada ya kuzima ukutani, kuchomoa waya na kubonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe.

Haiwaki kabisa, hata feni haitikisiki

Anza ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile na kwenye eksitensheni ileile. Angalia LUKU. Angalia swichi ndogo ya nyuma ya pawa saplai. Mkono uliokuwa unafunga kadi huigusa bila habari. Haya yanachekesha mpaka siku umebeba kasha kutoka Buhongwa hadi mjini kwa bodaboda, fundi akabonyeza swichi ya nyuma na ikawaka.

Pili, angalia ulichokigusa ulipofungua. Nyaya nyembamba za kitufe cha kuwashia hukaa pembeni mwa mazabodi (bodi kuu ya ndani) na huchomoka kwa kuvutwa kidogo tu. Plagi kubwa ya pini 24 nayo hulegea. Isukume mpaka kifungo chake kilie.

Tatu, toa kadi mpya, rudisha kebo ya kioo (skrini) kwenye mazabodi, acha waya wa umeme umechomolewa dakika mbili, kisha jaribu. Ikiwaka, pawa saplai haijafa. Ilijifungia yenyewe kwa kuzidiwa au kwa shoti, na jibu lako liko kwenye dalili za mbele.

Nne ni swichi nyekundu. Mashine nyingi za mitumba zimetoka nchi zenye umeme wa 110 hadi 120V, na pawa saplai za zamani zina swichi nyekundu ya kuchagua kati ya 115 na 230. Sisi ni 230. Ukichomeka ikiwa kwenye 115, utasikia mlio kama wa fataki na hadithi imeisha. Kama mlio umeshatokea, usirudishe swichi kwenye 230 na kujaribu tena. Badilisha pawa saplai, na omba fundi apime mazabodi kabla ya kuunganisha mpya. Pawa saplai iliyoandikwa 100–240V haina swichi hiyo na haina tatizo hilo.

Mwisho, jaribu pawa saplai peke yake. Njia hii ni kwa zile zenye plagi ya pini 24 tu: chomoa kila plagi iliyoingia kwenye mazabodi, kadi na diski, unganisha tundu la waya wa kijani na lolote la waya mweusi kwa kipande cha waya, ndipo uwashe. Feni isipozunguka, mara nyingi imekufa. Ikizunguka, umejua tu kwamba inaamka. Kubeba mzigo ni habari nyingine, na wengi hukosea hapa wakatangaza pawa saplai nzima kumbe ni mgonjwa.

Pawa saplai mpya haiingii

Umenunua ya kawaida ya ATX (kipimo cha kompyuta nyingi za mezani), ukafungua OptiPlex 3020, 7020 au 9020, ukakuta mazabodi inataka plagi kuu ya pini 8. EliteDesk 800 G1 inataka ya pini 6. ThinkCentre nyingi za Lenovo zina pini 14 au 10. Umbo la boksi nalo: kasha jembamba halipokei pawa saplai ya ukubwa wa kawaida hata ukiomba.

Zipo kebo za kubadilisha, na nyingine zina kibao kidogo cha elektroniki cha kurekebisha umeme wa kusubiri, ule unaobaki mashine ikiwa imezimwa. Kama kasha ni refu na kebo ni ya modeli yako hasa, inafanyika. Kwa kasha jembamba, ushauri wangu ni kuacha pawa saplai ilivyo na kununua kadi isiyohitaji waya wa umeme, kama GT 1030 yenye wati 30 au GTX 1650 ya wati 75, tena ile fupi kwa kimo. Sloti yenyewe hutoa hadi wati 75, ila thibitisha kwamba GTX 1650 unayouziwa haina tundu la pini 6, maana zipo zenye nalo.

Usichonge plagi ili iingie. Ya prosesa yenye pini 8 na ya kadi yenye pini 8 zinafanana kwa haraka, lakini chanya na hasi zimekaa kinyume. Ikigoma, ina sababu.

Inawaka sekunde mbili, inazima, inarudia

1. Ramu imekaa vibaya. Toa, futa meno yake kwa kitambaa kikavu, rudisha kijiti kimoja kimoja.
2. Skrubu imeanguka chini ya mazabodi, au bati la kasha linagusa mgongo wake. Inua kasha, litikise taratibu, sikiliza.
3. Kadi ina shoti. Itoe, mashine ikitulia, ijaribu kwenye kompyuta nyingine yenye pawa saplai ya kutosha.
4. Umetumia kebo za pawa saplai nyingine. Hili linahusu zile ambazo kebo zake zinachomoka pande zote mbili. Upande wa vifaa plagi ni za kiwango kimoja, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini atakavyo, na hata modeli mbili za kampuni moja huweza kutofautiana. Diski inaweza kupata 12V mahali pa 5V ikafa papo hapo, pamoja na picha zote za harusi za watu. Ukinunua ya namna hii iliyotumika bila kebo zake, umenunua nusu.

Feni zinazunguka, kioo cheusi

Mara nyingi kabisa kebo ya kioo bado iko kwenye mazabodi badala ya kadi. Baadaye angalia kama waya wa umeme wa kadi umechomekwa, kisha kama kadi imeingia hadi mwisho. OptiPlex za zamani zenye BIOS (programu ya msingi ya mazabodi) isiyosasishwa nazo hukataa baadhi ya kadi mpya; tafuta toleo jipya la BIOS kwenye tovuti ya mtengenezaji, na usilisakinishe siku umeme unacheza. Pawa saplai inashukiwa baada ya hayo yote.

Inafanya kazi vizuri, ikipata kazi nzito inazima ghafla

Hii ndiyo dalili halisi ya pawa saplai ndogo. Kuandika barua na kuangalia YouTube hakuna shida. Ukifungua mchezo, au video ikianza kutolewa, mashine inakatika kama aliyevutiwa waya. Haitoi onyo wala kioo cha bluu. Ukiwasha, kumbukumbu ya matukio ya Windows inaonyesha Kernel-Power namba 41, ambayo maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Haisemi kwa nini.

Kwanza ondoa joto kwenye orodha. Weka programu kama HWiNFO, endesha ule mchezo, tazama nyuzijoto mpaka ikatike. Prosesa ikikaribia 100 kabla ya kuzima, tatizo ni feni na vumbi, na pawa saplai mpya haitakusaidia. Nyuzijoto zikiwa za kawaida na bado inakatika, chukua karatasi.

Tuseme una prosesa ya i5-4570, ambayo kiwango chake ni wati 84, na umeweka RX 580 ya wati 185. Mazabodi, ramu, diski na feni tuvipe 50. Jumla ni karibu wati 320, na karibu zote zinapita kwenye njia ya 12V. Pawa saplai ya OptiPlex 9020 ya kasha kubwa ni ya wati 290. Hesabu imejijibu. AMD wenyewe walipendekeza wati 500 kwa kadi hiyo, kwa sababu kadi hupanda ghafla juu ya kiwango chake kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hapo ndipo ulinzi wa pawa saplai unapokata.

Sasa soma karatasi ya ubavuni, maana namba kubwa ya kwenye katoni si ya kuaminiwa. Tafuta safu ya +12V, chukua ampia zake, zidisha kwa 12. Boksi limeandikwa 600W kwa rangi ya dhahabu, lakini chini ya +12V kuna 16A: hizo ni wati 192. Iliyoandikwa 450W yenye 36A ina wati 432 pale zinapohitajika, na ndiyo kubwa kati ya hizo mbili. Ukikuta 12V1 na 12V2, usijumlishe. Tafuta mahali palipoandikwa jumla ya pamoja, ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko majumlisho yako. Uzito nao husema kitu: pawa saplai ya wati 600 iliyo nyepesi mkononi kama boksi tupu, irudishe kwenye meza ya muuzaji.

Kwa mfano wetu ningetafuta 450 hadi 550W za kweli, zenye 35A au zaidi kwenye 12V na plagi ya pini 8 ya kadi iliyotoka nayo kiwandani. Kwa RTX 3060, ambayo inakula wati 170, NVIDIA wanasema 550W. Kukimbilia 850W kwa mashine ya namna hii ni kuzipoteza hela ambazo zingenunua UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika). Alama ya 80 PLUS ni nzuri kwa bili ya LUKU na kwa joto, kwani inahusu umeme unaopotea njiani, lakini haikuhakikishii kwamba ulinzi wa ndani umejengwa vizuri.

Vyanzo vingine vya dalili hii, kwa uchache:

Kebo moja yenye vichwa viwili imelisha matundu yote mawili ya kadi kubwa. Tumia kebo mbili tofauti.

Adapta ya kutoka SATA (plagi ya umeme wa diski) kwenda pini 6 ya kadi. Plagi ya SATA inabeba 4.5A tu kwenye 12V, yaani wati 54, na kadi inaweza kudai 75 kupitia tundu hilo. Plastiki inayeyuka. Ukiikuta kwenye mashine yako, izime leo.

Pawa saplai imezeeka. Kapasita hupungua nguvu kwa joto na miaka, kwa hiyo ya 500W iliyofanya kazi mchana kutwa kwenye stationari ya Nyegezi tangu zamani haina tena nguvu ilizozaliwa nazo. Mwenye multimita anaweza kupima kwenye plagi mashine ikiwa na mzigo: 12V ikae kati ya 11.40 na 12.60, na 5V kati ya 4.75 na 5.25. Ikishuka chini ya hapo wakati wa mchezo, ibadilishe.

Inazima au kujiwasha upya umeme ukicheza

Jirani ana mashine ya kuchomelea. Kila akigusa chuma, taa yako inafifia na kompyuta inaanza upya. Au ni saa mbili usiku, mtaa mzima umewasha majiko na pasi, nawe uko nguzo ya mwisho kutoka kwenye transfoma. Pawa saplai nzuri huvumilia pengo la milisekunde 16 hivi. Ya hovyo au iliyochoka haifiki hapo.

Nunua kwanza mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi inayoonyesha volti, uitazame jioni mbili tatu. Ikishuka hadi 190 au chini, unayo sababu ya kuchagua pawa saplai iliyoandikwa 100–240V badala ya ile ya 200–240V. Hiyo ya kwanza inavumilia umeme mdogo bila stabilaiza, na kwa huku kwetu naiweka juu ya sifa nyingine nyingi. Volti zikipanda juu sana au kurukaruka nyumba nzima, hilo ni la TANESCO. Toa taarifa, na acha mashine imechomolewa.

Upande wa UPS, watu hununua kwa VA, namba iliyo kubwa kuliko wati zake, na kushangaa. Ya 650VA hutoa wati 360 hadi 390. Mashine yetu ya wati 320 huvuta karibu 375 ukutani, ukihesabu upotevu, na bado hujaongeza kioo. Ndiyo maana umeme ukikatika UPS inalia mara moja na kuzima pamoja na kompyuta. Tafuta ya wati 600. Printa ya leza usiichomeke humo kamwe.

Kuna kisa kingine kinachowasumbua zaidi walioko visiwani, Ukerewe na Ukara, wanaotumia sola na inveta. Inveta za bei nafuu hutoa umeme wenye mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, na pawa saplai za kisasa huweza kuunguruma au kukataa kabisa umeme huo. UPS za chini nazo hutoa mawimbi hayo zinapotumia betri. Pawa saplai ikiwa nzima mjini na mgonjwa Nansio, badilisha inveta iwe ya mawimbi halisi kabla hujaipandisha kwenye meli kuirudisha dukani.

Radi iko nje ya yote haya. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za Afrika zinazopigwa radi sana, na ngurumo zake hupenda usiku na alfajiri. Hakuna pawa saplai wala eksitensheni ya kuzuia hilo kwa uhakika. Wingu likionekana, kabla ngurumo haijafika, chomoa plagi, pamoja na waya wa intaneti.

Kasha linakupiga shoti ukiligusa peku

Watu hurudisha pawa saplai nzima dukani kwa sababu hii, wakapewa nyingine, nayo ikafanya vilevile. Ndani ya kila pawa saplai kuna kapasita ndogo za kuchuja umeme zinazounganishwa na bati. Nyumba ikiwa na waya wa ardhi, huo umeme mdogo unashuka chini. Isipokuwa nao, bati linabaki na karibu nusu ya volti za ukutani, kwa mkondo mdogo sana unaosisimua ngozi.

Angalia kwanza plagi: ile pini ya tatu ipo, au ilikatwa ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili? Eksitensheni yako ina waya wa tatu ndani, au ni mapambo? Kisha nyumba yenyewe. Kwenye vilima vya Mabatini, Igogo na Bugando, nyumba nyingi zimekalia mwamba, na fimbo ya ardhi iliyopigwa ikagota jiwe haifanyi kazi ipasavyo hata kama waya wake unaonekana umefungwa vizuri. Fundi anayejua hutafuta sehemu yenye udongo wenye unyevu, au hulaza waya mrefu kwenye mtaro.

Hapa acha, ita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Usiunganishe waya wa ardhi na nyutro ndani ya soketi, hata kama jirani alifanya na "inafanya kazi". Siku nyutro ikikatika njiani, kasha lote litakuwa na 230V. Na kama mshtuko si wa kusisimua tu, unauma au kukaza mkono, au sakiti breka inaruka kila ukiwasha, zima kwenye swichi kuu bila kuligusa kasha. Huo ni uvujaji wa kweli.

Kelele, vumbi na wadudu

Mlio mwembamba unaobadilika na mchezo ni koili zinazotetemeka; unaudhi lakini si hatari. Feni inayokwaruza imechoka. Kwa wakazi wa karibu na maji, Kirumba au Capri Point, chanzo cha pekee ni wale wadudu wadogo wanaopanda ziwani kwa mawingu na kufuata taa usiku. Hufia kwenye matundu ya pawa saplai, huchanganyika na vumbi na unyevu, na kuziba hewa. Puliza kwa bloa, nje ya nyumba, kasha likiwa limechomolewa, ukiishika feni isizunguke.

Harufu ya kuungua, moshi, au mlio wa kupasuka: zima ukutani, chomoa, usijaribu tena "kuona kama itawaka". Maji ya mvua yakiingia, vivyo hivyo.

Saa ya kompyuta ikirudi nyuma kila asubuhi, pawa saplai haihusiki. Ni betri ya CR2032 kwenye mazabodi.

Ukienda dukani

Andika kwenye simu jina la kadi na wati zake, idadi ya pini kwenye tundu lake, pini za plagi kuu ya mazabodi, na vipimo vya pawa saplai ya zamani kwa sentimita; bora zaidi ipige picha ikiwa ndani, karatasi ya ubavuni ikionekana. Dukani soma +12V, kisha volti za kuingilia, kisha hesabu plagi. Kwa iliyotumika, omba iwashwe kwenye kompyuta yenye kadi na iendeshwe kwa mzigo robo saa, huku ukinusa upande wa feni. Muuzaji akitaka kuipima kwa waya wa kijani na mweusi peke yake, mwambie hiyo haitoshi.